Wametandika peva, wateja wako wapi?

Jumamosi moja nilikaa kwenye baraza ya duka la binamu yangu, anauza chaja na kava za simu, nikiwa na daftari la shule na kalamu ya mia tano, nahesabu watu. Binamu alikuwa ameniapia kwamba tangu mtaa wao utengenezwe, wakapanga peva, yale matofali ya njia, wakaweka taa za sola na vile viti vya zege, mauzo yameshuka, na mimi nilikuwa nabisha kwa sababu kwa macho mtaa ulikuwa umependeza, yaani umependeza kweli, ukipiga picha ukamtumia mtu wa nje haamini kama ni kwetu. Basi nikamwambia wacha tuhesabu. Waliopita mbele ya mlango nilipoteza hesabu kabla saa moja haijaisha, walikuwa wengi. Waliosimama wakaangalia kitu, hata kama hawakununua, hao niliwamaliza kwa vidole vya mikono na vidole vikabaki.

Fundo lenyewe liko hapo. Tukiongea habari ya kufufua katikati ya mji tunaongea barabara, lami ya wapi mpaka wapi, taa ngapi, na barabara kazi yake ni kupitisha. Duka halili wanaopita. Duka linakula wanaosimama. Sasa mtu anasimama kwa sababu gani, na nani anamfukuza asisimame? Ukishika swali hilo, hii habari yote ya kupendezesha mji inaanza kueleweka, maana kusema kweli ina mambo mengi yamefungana, mhandisi ana lake, kaunsili ina lake, landilodi ana lake, mchuuzi ana lake, na sisi wengine tunachoona ni mitaro imefunguliwa na vumbi linaingia kwenye chai.

Anzia Jinja, huku kwetu Uganda. Ukitembea Main Street inua macho, utaona majina na miaka imeandikwa juu ya majengo, ni maduka ya Wahindi ya enzi za pamba. Waliyajenga kwa akili moja nzuri sana. Duka chini, familia nyuma au ghorofani, na mbele kuna baraza yenye paa inayoungana na baraza ya jirani, kwa hiyo unaweza kutembea duka hadi duka bila kupigwa na jua. Na mvua ikinyesha, si unajua mvua zetu za alasiri huku mashariki, watu wote wanakimbilia barazani, wanasimama hapo dakika ishirini hawana kazi, macho yanaingia dukani. Mvua ilikuwa dalali wa bure! Halafu barazani pale pale kuna fundi na cherehani yake, muuza vitambaa ndani, mshonaji nje, mteja ananunua mita tatu anatoka hatua mbili anapimwa. Fundi anamlinda muuza vitambaa, muuza vitambaa anamletea fundi kazi, na yeyote anayekaa kumsubiri fundi ananunua soda.

Hakuna mchoro wa kisasa umeshinda hiyo baraza, kwa maoni yangu.

Iliharibika vipi? 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke, majengo yao yakaenda chini ya bodi ya serikali, wakaingia wapangaji ambao walijua nyumba si yao na kesho inaweza kuchukuliwa, sasa nani atakarabati paa la nyumba ambayo hajui mwakani atakuwemo? Miaka ikapita, paa likavuja, mwingine akajenga ukuta akageuza baraza yake kuwa stoo, na ukishaziba baraza moja mnyororo umekatika, mtembeaji anashuka barabarani na magari. Baadaye serikali ilirudisha mengi ya majengo hayo kwa wenyewe lakini mazoea yalikuwa yameshaingia. Halafu zikaja arkedi, yale majengo yenye maduka mengi ndani. Kampala ukiangalia arkedi za mjini, mdomo umegeukia ndani, vijiduka mia vimepangwa kwenye korido za giza, na upande wa barabara unapata ukuta na mlango mmoja wenye askari. Mtaa wa aina hiyo hata uweke dhahabu chini, mtu atapita tu.

Haya, sasa tuje kwenye ukarabati wenyewe. Pesa nyingi za kutengeneza miji yetu nje ya Kampala zimetoka kwenye mradi unaoitwa USMID, wa serikali na Benki ya Dunia, ulianza 2013 na dola milioni 150 kwa manispaa 14, baadaye 2018 wakaongeza awamu ya dola milioni 360 na manispaa zikafika 22. Ukisikia mtu anaisifu Gulu kwa barabara na taa, au unaona Arua, Mbale, Jinja zimepata njia za waenda kwa miguu, sehemu kubwa ni hiyo. Kampala yenyewe ilikuwa na mradi wake, ule wa makutano na barabara pana, awamu ya pili dola milioni 175.

Pesa kama hizo zinaenda wapi, mbona tunaona peva tu? Nyingi ziko chini. Mtaro ndio mtaa, ndugu zangu. Mhandisi anayejua kazi anaanza na maji, yanatoka wapi, yanaenda wapi, mtaro wa hapa unamwaga kwenye mtaro gani kule mbele, kwa sababu ukipanga peva na lami maji hayazami tena ardhini, yanakimbia, na yanakimbilia kwa jirani wa bondeni. Mbale mwisho wa Julai 2022 mto Nabuyonga ulifurika ukaua watu, na yeyote anayeishi miji ya chini ya mlima anajua maji hayaombi ruhusa. Kwa hiyo ukiona kwenye mtaa wako wanatandika vitu vizuri juu na mtaro ni ule ule mwembamba wa zamani umejaa chupa za plastiki, hapo umepakwa poda.

Chini pia kuna mabomba na nyaya, na hapa ndipo miradi inakwama miezi na miezi, watu wanadhani kontrakta amelala. Bomba la maji ni la National Water, shirika la maji. Nguzo ya umeme ilikuwa ya kampuni iliyoitwa Umeme mpaka mkataba wao ulipoisha Machi 31, 2025, sasa ni ya UEDCL, kampuni ya serikali. Nyaya za intaneti ni za kampuni za simu, na kila moja ina zake. Kontrakta wa barabara hawezi kuhamisha nguzo, lazima aandike barua, mwenye nguzo apige hesabu, alipwe, apange kikosi chake, aje. Zidisha hiyo mara kila mwenye kitu. Mradi mzuri unamaliza barua hizo kabla ya kuchimba, mradi mbaya unachimba kwanza halafu unaanza kuandika barua huku shimo liko mbele ya mlango wako. Na hata mkimaliza salama, kama hamkuacha mabomba matupu chini ya njia kwa ajili ya nyaya za baadaye, wiki mbili baada ya uzinduzi anakuja kijana wa faiba na sururu, anafumua peva zako mpya, anazirudisha kama meno ya mzee.

Hilo la shimo mbele ya mlango nalijua kwa karibu. Mtaa mmoja niliowahi kufanya kazi, mji siutaji, walichimba pande zote mbili kwa wakati mmoja, wakatuambia wiki sita, ikawa zaidi ya mwaka. Kulikuwa na mama anauza nguo za watoto, alitafuta mbao mbili za kreti za bia akaziunganisha na misumari akaziweka juu ya mtaro ili wateja wavuke, na kila jioni anaingiza ule ubao ndani ya duka usiibiwe, asubuhi anautoa, anaupangusa tope na kitambaa kabisa, anasema mteja mwenye mtoto mgongoni hawezi kukanyaga mbao yenye utelezi. Kodi ya duka iliendelea kama kawaida. Alifunga miezi miwili kabla lami haijawekwa. Leo ukipita pale ni pazuri, kuna duka la mabetti ya mpira. Yule mama hayuko kwenye ripoti yoyote nadhani, ripoti inasema mita ngapi zimekamilika.

Na dawa yake haina gharama kubwa: chimba upande mmoja kwanza, upande wa pili uachwe wazi, chimba vipande vifupi, weka madaraja ya maana mbele ya kila mlango, tangaza tarehe na uzitunze, na kama kodi ya soko au leseni inaweza kusamehewa kwa miezi hiyo basi isamehewe.

Baada ya maji na nyaya ndipo unakuja upana. Njia ya miguu isiyopungua mita mbili, wawili wakipishana mmoja hasukumwi mtaroni, kiti cha magurudumu kinapita, mama mwenye beseni kichwani anapita. Miti yenye kivuli, na hapo chagueni vizuri maana mizizi ya mingine inapasua njia, na mingine itawaletea kaloli, wale korongo wakubwa wa jalalani. Mtu wa Kampala anajua nasema nini, unakaa chini ya mti mzuri wa kaunsili na shati jeupe, kaloli yuko juu, siku yako imekwisha. Taa nazo msizichukulie kama pambo. Mtaa wenye taa unaongeza masaa ya biashara, duka lililokuwa linafunga saa kumi na mbili linafika saa tatu, na wa kwanza kufaidi ni akina mama wanaouza chakula cha jioni. Ila taa ya sola ina betri na betri ina mwizi na hata isipoibiwa inachoka baada ya miaka michache, kwa hiyo anayekuja kuzindua taa aulizwe betri ya pili itanunuliwa na nani.

Sasa paking. Hii ndiyo vita. Ukipanua njia ya miguu unapunguza nafasi za magari, na wenye maduka wanapiga kelele kwamba wateja wao wote wanakuja na gari. Uingereza, mji wa Bristol, 2006 shirika la Sustrans liliwauliza wenye maduka wateja wangapi wanakuja kwa gari, wakasema asilimia 41. Wakaulizwa wateja wenyewe. Ikatoka 22. Kumbuka hiyo ni Uingereza ambako nyumba nyingi zina gari, sasa fikiria kwetu ambako mteja anashuka kwenye taksi ya watu 14 au nyuma ya boda. Nilipomwambia binamu hivyo akabisha, akasema ona hata sasa mbele ya duka kuna gari. Nikamuuliza la nani. Ilikuwa Premio yake mwenyewe, imekaa hapo tangu saa mbili asubuhi, imeziba kioo cha duka chote, wapita njia wanaona Premio hawaoni chaja. Hakunijibu, aliniuliza kama nitakunywa chai.

Lakini kwenye hesabu yangu ya Jumamosi Premio ilikuwa dhambi ndogo. Kubwa nililiona baadaye nilipomuuliza zamani hapa mbele kulikuwa na nani. Akaanza kutaja: mama wa rolex, ile chapati ya kusokota na mayai, hapa kwenye kona, kijana wa kupiga kiwi, mzee wa magazeti, yule wa ndizi za kuchoma. Wote waliondolewa mtaa ulipozinduliwa, ulitakiwa uwe safi. Yaani waliokuwa wanasimamisha watu ndio waliofukuzwa! Mtu anayesubiri rolex, dakika tano mayai yanakaangwa, anageuka, anaona kava ya simu, anakumbuka yake imepasuka. Ondoa rolex, umeondoa dakika tano, na chaja haikuwa na uwezo wa kumsimamisha mtu yenyewe.

Najua hapa watu wanagawanyika na sitajifanya hakuna upande wa pili. Kampala Januari 2022 KCCA, mamlaka ya jiji, iliwaondoa wachuuzi mitaani, wengi waliungana nayo kwa sababu kulikuwa mahali huwezi kupitisha hata bega, na mwenye duka analipa kodi ya nyumba, leseni, umeme, halafu mtu anatandaza kitambaa mlangoni kwake na bidhaa ile ile kwa bei ya chini. Hasira hiyo ni ya haki. Waliambiwa waende masokoni. Lakini angalia masoko yetu ya ghorofa, miji mingi ina moja sasa, chini kumejaa, ghorofa ya juu meza ziko wazi au wamegeuza stoo, si kwa ukaidi, ni kwa sababu nyanya ni kitu ambacho mtu ananunua akiwa njiani kwenda steji, hakuna atakayepanda ngazi mara mbili kwa nyanya za elfu mbili. Kwa hiyo mchuuzi anarudi chini, anafukuzwa, anarudi, na enfosmenti, askari wa kaunsili, wanakimbizana naye kila siku kama paka na panya, gharama ya kumfukuza inazidi gharama ya kumpangia.

Kumpangia maana yake nini? Chora kwenye peva kabisa, nafasi ya meza mita moja na nusu, namba, karibu na ukingo wa barabara siyo katikati ya njia wala mlangoni kwa mtu, sema ni bidhaa gani haziruhusiwi mbele ya duka linaloziuza, na toza ada ndogo ya siku. Mchuuzi mwenye namba analinda nafasi yake kuliko askari yeyote, ukija wa kumi na moja pale penye kumi, hao kumi ndio watakaokuuliza.

Barabara ya Namirembe na Luwum Street pale karibu na Old Taxi Park ndizo KCCA ilizichagua ziwe za waenda kwa miguu na baiskeli, na ni sehemu sahihi kwa sababu watu wanaotembea pale ni bahari. Lakini ukiacha mtaa hivi hivi bila mtu wa kuusimamia, bodaboda wanaona kuna uwanja mzuri wa bure, wanapaki. Nairobi nao, Luthuli Avenue ilipotengenezwa 2019, njia za miguu zikapanuliwa, wachuuzi wakazijaza. Kigali nako walipata somo la upande mwingine kabisa: 2015 walifunga barabara moja ya katikati ya mji kwa magari, ikafungwa kweli, safi, tulivu, na miaka ikapita iko tupu, hakuna viti, hakuna kivuli, hakuna kinachouzwa, wenye biashara wa pembeni wakalia. Baadaye wakairudia, wakaweka bustani, mahali pa kukaa, vibanda, wakaipa jina Imbuga City Walk, ndipo watu wakaanza kwenda kukaa. Barabara ile ile! Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna la kufanya ukifika.

Hapo ndipo matukio yanapoingia, sherehe, masoko ya usiku, tamasha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa biashara ni hivyo hivyo, ila lazima umuulize mgeni anapita mlango gani na anamponya mwenyeji yupi.

Kampala City Festival ilianza 2012, mwaka wa miaka 50 ya uhuru, mabasi yamepambwa, ngoma, watu wamejaa barabarani kwenye njia ambazo siku zote ni za magari, na faida yake kubwa kwangu haikuwa hata mauzo, ilikuwa watu kuona kwamba katikati ya mji panaweza kuwa pao, siyo mahali pa kukimbilia taksi tu. Lakini ni siku moja, na siku moja haiajiri mtu. Jinja wana Nyege Nyege iliyoanza 2015, hoteli zinajaa, boda wanakula, lakini tamasha linapofanyika nje ya mji kwenye uwanja wenye uzio, na ndani ya uzio bia ni ya mdhamini na chakula ni cha waliolipia banda, mwenye duka Main Street anapata yule anayekuja kununua maji na dawa ya kichwa kesho yake asubuhi. Si kitu kibaya. Ila usikiite kufufua mtaa.

Linganisha na imbalu, sherehe ya tohara ya Wagisu. Kila mwaka usiogawanyika kwa mbili watu wa Bugisu wanapumzika, mwaka unaogawanyika, Agosti, inazinduliwa Mutoto pale Mbale, na kadodi, ngoma zao, zinapiga. Vijana wa kutahiriwa wamepakwa unga, kundi nyuma yao linacheza, wanapita barabarani kabisa, wanapita mbele ya maduka, na kila wanapopita watu wanatoka nje. Hakuna uzio. Anayeuza filimbi anauza, anayeuza shanga anauza, fundi anashona nguo za ngoma wiki kadhaa kabla, nyumba za wageni zimejaa watu waliorudi kutoka Nairobi na Kampala. Hiyo haikubuniwa na ofisi ya utalii, ni ya wenyewe, ndiyo maana hakuna anayeuliza bajeti yake mwakani itatoka wapi. Kama ningekuwa napanga matukio ya mji wowote ningeanza kwa kuuliza hapa tayari watu wanasherehekea nini, kabla ya kuleta msanii wa milioni nyingi na jukwaa la kukodi.

Na vile vidogo ndivyo vinavyofuga mtaa. Jioni moja kila wiki, siku ile ile, saa zile zile, barabara moja tu fupi inafungwa, chakula, watoto wa shule wanaimba, fundi redio anaweka spika, Ramadhani kukawa na meza za futari, Desemba kukawa na kwaya. Mtu akishajua kwamba Ijumaa kuna kitu hauhitaji tena kutangaza. Ila msisahau makaratasi: barua ya kaunsili, barua kwa DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, maana toka sheria ya 2013 ya mikusanyiko polisi wetu wana mshtuko na watu zaidi ya kumi wakikaa pamoja, hata baada ya Mahakama ya Katiba 2020 kufuta kile kifungu kilichowapa nguvu ya kuzuia mikutano. Mwambie DPC mapema, mpe chama, yaani mwenyekiti, wa LC1, serikali ya mtaa, kazi ya kufanya, weka vyoo, weka mapipa, na mwisho wa muziki uwe saa mliyosema.

Vyoo na mapipa, na hapo tunafika kwenye ugomvi wa mwisho, nani analipa na nani anafagia. Toronto, Canada, kuna mtaa unaitwa Bloor West Village. Treni ya chini ya ardhi ilipoanza, abiria waliokuwa wanapita juu kwa tramu wakiona vioo vya maduka wakaanza kupita chini hawaoni kitu, na maduka makubwa ya pembeni ya mji yakawavuta wengine. Wafanyabiashara wakataka kuchangishana wapambe mtaa wao, wakagonga ukuta ambao kila aliyewahi kukusanya mchango anaujua: kumi wanatoa, wawili hawatoi, na hao wawili wanafaidi taa zile zile. Wakaenda kuomba sheria, 1970 ikawezekana kwamba wengi wakikubali basi kila mwenye biashara ndani ya mpaka ule analipa, mchango unakusanywa na jiji pamoja na kodi na unarudi mtaani. Ndiyo ya kwanza ya aina hiyo duniani, sasa ziko kila mahali. Marekani nao 1977 shirika lao la kuhifadhi majengo ya kale lilijaribu kwenye miji mitatu midogo, na walichogundua ni kwamba majengo mazuri hayatoshi, lazima kuwe na mtu mmoja mwenye mshahara ambaye kazi yake ni mtaa ule tu, anajua duka gani liko tupu, anapanga matukio, anasumbua watu wa taa.

Sisi hatuna haja ya kusubiri sheria kama ya Toronto kuanza kidogo. Maduka 20, kila mmoja 10,000 kwa mwezi, ni laki mbili, inamlipa mtu wa kufagia asubuhi na inabaki ya sabuni. Wenye majengo ndio wagumu, na wao ndio wanaofaidi zaidi, kwa sababu mtaa ukipendeza kodi inapanda na anayepandisha ni landilodi ambaye hakuchangia hata ufagio. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inazuia kupandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, ijueni, itajeni, na muwe na mkataba ulioandikwa maana bila karatasi utaitaja hewani. Wakati mzuri wa kumbana landilodi ni kabla ya kuchimba, akiwa bado anataka mradi uje kwake.

Binamu aliondoa Premio. Alikwenda pia kumtafuta mama wa rolex, alikuwa amehamia karibu na steji ya Soroti, wakaongea na chama wa LC1, sasa anakuja jioni tu, saa kumi na moja, anakaa chini ya ile taa ya sola, na binamu amesogeza meza ya kava nje kidogo upande wa sigiri. Nilirudi na daftari langu mwezi uliopita, jioni, watu watatu walikuwa wamesimama wanasubiri mayai na mmoja ameshika chaja anauliza bei. Mchango wa kufagia unakusanywa Jumamosi. Wamebaki wawili hawajatoa hata mara moja, mmoja ana duka la dawa, wa pili ni landilodi mwenyewe, na binamu ameamua mimi kwa sababu najua kuandika ndiye niende nikamwone.